Barua ya wazi kwa wakubwa wa Florida: chura wa Kuba anasafiri kwa lori, na mimi ndiye ninayempakia

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya vitalu vya miche, mizigo ya barabarani na wanyamapori wa jimbo hili,

Shikamooni. Najua kwenu salamu hii haina mwitikio, lakini nimelelewa Tanga na siwezi kuanza kusema na mkubwa bila kumwamkia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kugomba nayo vizuri. Binti yangu ameahidi kuitia barua hii Kiingereza. Akilainisha maneno, shauri yake. Hii ya Kiswahili naiacha wazi kwa ajili ya wenzangu wote, wa Tanga, wa Mombasa na wa Uvira, tunaokutana alfajiri kwenye mageti ya vitalu tukiwa na makoti ya mvua na chupa za chai.

Kazi yangu ni kupakia. Mwaka wa tisa huu niko katika kitalu kimoja nje kidogo ya Apopka, mji uliojijengea jina kwa majani ya mapambo, yale mnayoyaona kwenye korido za hoteli na vyumba vya kungojea daktari. Tunapakia mitende ya vyungu, tunapakia mikangaga, tunapakia bromelia. Hizi bromelia ni ndugu wa nanasi: majani yamejipanga duara, na katikati yanateka maji kama kikombe. Mteja huzipenda kwa rangi. Chura huzipenda kwa hicho kikombe.

Siku iliyonifanya nianze kuandika ilikuwa ya kawaida tu. Saa kumi na moja alfajiri, mvua ya usiku imekatika, lori liko nyuma wazi na injini inanguruma. Nikainua trei ya bromelia kuipandisha kwenye paleti, mwanga wa tochi yangu ya kichwani ukaangukia kikombe kimoja, na ndani yake macho mawili makubwa yakanitazama bila hofu. Nikachungulia cha pili, hamna kitu. Cha tatu, mwingine, mdogo kama ncha ya kidole gumba. Hadi namaliza trei sita nilikuwa na vyura watano kwenye ndoo, na kulikuwa na trei zaidi ya mia zilizokwisha kupanda. Nikamwambia nyapara. Akaangalia saa, akaangalia ndoo, akasema, "Waache, nao wana safari yao." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitasema uongo. Lori likaondoka.

Karatasi za mzigo ule zilikuwa safi kabisa. Hakuna inzi weupe, hakuna utitiri, hakuna kutu ya majani. Kuhusu chura, karatasi haikuwa na hata mstari mmoja wa kujaza.

Hapo ndipo penye neno langu. Mmetuhimiza miaka mingi tumuue chura wa Kuba majumbani mwetu, na tunamuua. Lakini uani kwangu hakuna lori linaloondoka kila asubuhi. Anapopandia gari hamjaweka mtu.

Huyu chura hakuja Florida kwa kuruka. Kwao ni Kuba, Bahama na Visiwa vya Cayman. Miaka ya 1920 alishaonekana visiwa vya kusini, upande wa Key West, na wataalamu wanaamini alivuka ndani ya shehena. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Miami. Leo ameenea rasi yote mpaka Jacksonville, na ameshaonekana Georgia na South Carolina. Mnyama wa urefu wa kiganja hatembei hivyo kwa miguu yake. Anatokea mji mmoja, halafu anatokea mwingine mbali huko, katikati hayupo. Hiyo ndiyo njia ya abiria.

Na kama mnataka kesi yenye jalada, ipo New Orleans. Walionekana mwaka 2016, na baadaye watafiti wa serikali ya Marekani walithibitisha kwamba vyura hawa wamejenga makazi katika bustani moja ya mji ule, jirani na bustani ya wanyama ya Audubon. Kabla ya hapo, ndani ya ile bustani ya wanyama ilikuwa imepandwa mitende iliyotoka Florida. Walipoanza kuwakamata waliwatoa kwa mamia, wakubwa kwa wadogo, na wakasema wazi kwamba kuwamaliza pale kumeshakuwa kazi ngumu. Yalikuwa makazi ya kwanza ya chura huyu katika bara la Marekani nje ya Florida. Sijui mitende ile ilipakiwa na nani. Mtu kama mimi, basi. Alfajiri, na tochi kichwani, au bila tochi.

Nieleze kidogo anafanya nini, maana nikiwasimulia watu wa nyumbani kwamba nagombana na chura wananicheka. Kwetu chura anajulikana kwa kelele, na kelele zake, tunasema, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Huyu hakuja kupiga kelele. Sauti yake yenyewe ni mbaya, kama mlango wenye bawaba kavu, lakini si hoja. Hoja ni kwamba anakula vyura wenzake. Nilipohamia nyumba hii ninayokaa, usiku kwenye dirisha la jikoni walikuwa wanabandika wale wa kijani wenye mstari mweupe ubavuni, laini kama wamepakwa mafuta, na vile vidogo vya kahawia ambavyo wenyeji husema vinaita mvua. Wakila nondo waliovutwa na taa. Mwaka wa tatu au wa nne nikaanza kuona mgeni mmoja mkubwa, kijivu, mwenye chunjuachunjua mgongoni na vidole vyenye vifundo vipana kama sarafu ndogo. Usiku mmoja nikamwona ana mguu wa kijani unaning'inia mdomoni. Alikuwa anaumeza taratibu, akifumba macho kila anapovuta. Sasa dirishani ni yeye tu.

Jike anaweza kupita sentimita 10, mbali na miguu, na hutaga mayai kwa maelfu. Yanaelea juu ya maji kama utando mwembamba. Dimbwi, ndoo, turubai lililobonyea, sahani chini ya chungu, popote maji yakisimama. Katika joto la huku mayai yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, na viluwiluwi wanaweza kuota miguu na kutoka majini baada ya wiki tatu au nne. Viluwiluwi nao wanawanyang'anya chakula viluwiluwi wa wenyeji. Yaani wenyeji wanapigwa wakiwa majini, na aliyenusurika anakuja kuliwa dirishani. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulifundishwa.

Pia anaingia kwenye masanduku ya umeme. Anapenda joto na uficho, anapanda transfoma, anagusa pasipoguswa, na mtaa mzima unazima. Mwezi wa saba mwaka juzi tulikaa saa nne bila kiyoyozi, na fundi aliposhuka ngazi alikuwa na kitu kimekauka mkononi, kimejikunja kama tumbaku. Akakitupa kwenye majani bila kusema neno. Inaonekana kwake si habari.

Na ute wake unachoma. Hili wapakiaji wenzangu walishike: usimguse ukagusa jicho. Mimi nilijipangusa jasho baada ya kumshika mmoja kwa mkono mtupu, na jicho liliwaka kama limetiwa pilipili, nikashinda kwenye bomba la maji. Mwenye pumu awe mwangalifu zaidi. Glavu si mapambo.

Sasa nikiri kosa langu, maana barua ya lawama isiyo na kosa la mwandishi siiamini. Mwaka wa kwanza niliposikia kwamba chura mvamizi anatakiwa auawe, niliwaua. Niliwakusanya usiku mmoja uani, saba, nikawatia mfukoni, nikafurahi. Asubuhi jirani yangu, mzee mmoja mwalimu mstaafu, akaufungua ule mfuko kwenye ukuta wa baraza na kuwapanga mmoja mmoja kama mtu anayepanga karata. Akatenga watatu upande wake, wanne upande wangu. Wale wanne walikuwa wa kwao. Wenyeji. Hakunigombeza. Alimchukua mmoja wa wale watatu, akapitisha kidole utosini, akaniambia nami nifanye hivyo kwa glavu. Ngozi ya kichwa cha mvamizi haisogei. Imegandana na fuvu. Akanionyesha umanjano kwapani, pale mguu unapoungana na mwili. Akaniambia nisidanganyike na rangi, kwa kuwa huyu hubadilika, asubuhi maziwa, jioni kahawia, siku nyingine kijani kijani. Dakika tano tu. Kazini hakuna aliyewahi kunipa dakika hizo tano katika miaka tisa.

Ndiyo maana nashangaa elimu hii inapoandikwa kwa lugha moja, au mbili tukibahatika. Kwenye kitalu chetu kuna Wamexico, kuna Wahaiti ambao kwao chura ni krapo, kuna sisi wa Kiswahili. Kila mmoja ameambiwa "ua chura." Hajaambiwa chura yupi. Nawaombeni hesabu ya wenyeji tuliowaua kwa amri ya kuwaokoa mwiulize kabla ya kutoa amri nyingine.

Kuhusu namna ya kuua, Chuo Kikuu cha Florida kimeeleza vizuri na mimi nafuata. Unamshika kwa mfuko wa plastiki, unampaka ile dawa ya kutuliza jino yenye benzokeni asilimia 20, analegea na kupoteza fahamu, kisha unamlaza kwenye friza usiku kucha ili asiamke tena. Si kumponda kwa buti, si kumwagia klorini kama nilivyoona vijana wanafanya. Hakuchagua kuzaliwa hapa. Kwenye friza yangu kuna kona ya aiskrimu na kona ya vyura, na binti yangu ameacha kuleta wageni. Nimesimika pia mabomba matatu ya plastiki uani, ya upana wa inchi moja na nusu, urefu wa futi tatu. Mchana vyura wanajificha humo, jioni unaziba juu kwa mfuko na kuwatoa. Yanafanya kazi. Bei yake hayafiki pesa ya chakula cha mchana.

Basi swali langu la kijinga: kwa nini mabomba haya yapo uani kwa mpakiaji na hayapo pembeni mwa sakafu ya kupakia?

Msiniambie haijawahi kufanywa mahali. Hawaii wana kisa chao. Chura mdogo wa Puerto Rico, kokwi, aliingia kule mwishoni mwa miaka ya 1980 pamoja na mimea ya mapambo, akatapakaa Kisiwa Kikubwa mpaka watu wanalala madirisha yakiwa yamefungwa kwa makelele. Kwa kuwa alijificha kwenye vyungu, wenzenu wakavijia hivyo hivyo vyungu: mimea inaoshwa kwa maji moto ya nyuzi 45 kwa dakika tano. Chura anakufa, mayai yanakufa, mmea mwingi unavumilia. Wetu hatagi kwenye udongo wa chungu kama kokwi, anataka maji, kwa hiyo hata tanuri la maji moto huenda lisihitajike. Kumwaga kikombe cha bromelia kabla ya kupakia kunatosha kuwatoa wengi. Nimejaribu mwenyewe. Unainamisha trei juu ya beseni, unaipigapiga ubavuni mara mbili, unasikia pwa, pwa.

Ninachoomba nakisema hapa bila kukizungusha. Kwenye fomu ya ukaguzi wa miche inayopelekwa nje ya jimbo uwepo mstari wa chura. Kila kitalu kinachosafirisha kiweke mabomba ya kunasia kuzunguka sehemu ya kupakia na kiandike kilichonaswa. Vikombe vya bromelia vimwagwe, maturubai yasituamishe maji, na mtu mmoja mwenye tochi apite kwenye mzigo kabla jua halijatoka, maana likishatoka chura ameshajibana ndani ya jani na humwoni tena. Anayepokea mzigo huko mbele apewe karatasi yenye picha, na namba ya kuripoti ya jimbo lake si ya kwetu.

Na mpakiaji anayesimamisha lori kwa ajili ya chura asikatwe malipo. Hili naomba mlisome mara mbili. Kuna mwenzangu alilisimamisha, alimwona jike mkubwa amejibana kwenye shina la mtende, akakataa kufunga mlango hadi amtoe. Alimtoa. Siku ya mshahara saa zake mbili hazikuwemo. Tangu hapo, pale kazini, hakuna anayeona chura. Macho yetu yamekuwa na adabu.

Najua mwenye kitalu atasema nini. Atasema mteja wa Atlanta hangoji, dereva analipwa kwa maili, na chura ameshaenea Florida nzima, unamzuia nani? Kwa Florida namkubalia. Tumeshachelewa, wala sitegemei kuwaona tena wale wa kijani dirishani kwangu kama zamani. Baridi kali kama ile ya Januari 2010 inawapunguza, kisha wanarudi, kwa kuwa wengine walijihifadhi ndani ya kuta zetu. Lakini lori haliendi Florida. Lori linatoka Florida. Linakwenda mahali ambapo mtu bado ana vyura wake dirishani na hajui jina la huyu mgeni, na gharama ya dakika ishirini za tochi haiwezi kulinganishwa na anayoipata sasa mtu wa New Orleans.

Mimi nimekulia chini ya kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, makusudi, na wakubwa wa wakati ule, ili asafishe taka za mji. Wazo lilionekana la busara ofisini. Akavuka maji hadi bara, na nilipozaliwa alikuwa keshakuwa mwenye mji: anachukua vifaranga vya kuku wa bibi yangu mchana kweupe, anafukuza ndege wengine, anakunyang'anya chapati mkononi ukielekea shule. Serikali zetu zimemtegea mitego, zimemwekea sumu, na bado yupo juu ya paa ananyunyiza mabati. Bibi alikuwa akimtupia jiwe huku akisema, "Aliyekuleta hakukuuliza kama utarudi." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeibiwa kifaranga.

Najua pia barua ya mtu wa kazi yangu mezani kwenu ni kelele za chura, na ng'ombe ataendelea kunywa. Ila mmoja wenu angalau asome na aje aone. Sitasema kitalu ni kipi, nina kodi ya nyumba ya kulipa. Chagueni chochote kando ya barabara inayoingia Apopka, wiki yoyote ya masika, baada ya mvua ya usiku. Njooni saa kumi na moja alfajiri, kabla malori hayajafungwa. Msije na suti. Njooni na tochi ya kichwani, glavu na ndoo yenye mfuniko, mfuniko ni muhimu, na muanzie kwenye bromelia za trei ya chini, zile zilizokaa karibu na maji.

Wenu katika kazi,

Mpakiaji, mama wa Tanga